Maziwa Yaliyoishinda Supamaketi

Mtaa wa Mwalushini,
Bariadi.
Ijumaa.

Mwangaluka mayu, ilumbu wangu Nyamizi wa Lingeka.

Mimi kaka yako Athanasi nina miaka sabini na tisa kwa cheti cha ubatizo, na themanini na moja kwa hesabu ya marehemu mama, na mimi nafuata ya mama kwa sababu padri hakuwepo nilipozaliwa. Njaa ya mwaka sabini na nne ilinikuta ikaniacha. Operesheni ya vijiji ilinihamisha, nikarudi kwa miguu yangu. Nimezika wenyeviti wa mtaa wanne, mapadri wawili, vyama vya ushirika viwili, na yule daktari aliyeniambia nisipoacha ugoro sitamaliza mwaka. Alikuwa kijana mzuri, nilichangia jeneza lake. Nakukumbusha haya ili ujue anayekuandikia ni mtu gani, na kwamba akili bado ninayo yote.

Vipi goti lako? Vipi pamba, imeshatoa maua? Nasikia mvua huko Meatu imekuja vizuri mwaka huu na tembo hawajashuka mashambani, na kama wameshuka nijulishe. Wajukuu wote nawasalimu, hata yule aliyenicheka siku ya msiba wa shemeji kwa sababu ya kofia yangu. Huku kwetu ni wazima. Wifi yako Kwandu ni mzima wa mwili, ila tangu jana hasemi na mimi, na sababu yake utaiona humu humu ukienda nayo taratibu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile zile nilizozipata ngumbaru, nilipokuwa wa kwanza darasani na mwalimu akasema hajawahi kuona mkono mzito hivi unaoandika wazi hivi. Nimeianza leo asubuhi. Simu ipo, lakini simu ya kwako inasikilizwa na nyumba nzima, halafu mtandao wa Lingeka unamkata mtu akiwa katikati ya neno, na maneno yangu haya hayafai kukatwa. Marcelo wa basi ataibeba kesho alfajiri.

Sasa kaa chini, maana Mwalushini kumewaka moto, na aliyeuwasha ni mimi.

Kuna mtu anaitwa Fredrick, mtoto wa Sola kule Maswa, baba yake alikuwa mfugaji kama sisi. Mwaka juzi alifungua duka hapa mtaani kwetu, lile linaloitwa supamaketi. Wewe hujaliona, nakueleza. Huulizi bei wala hupunguziwi. Unaingia mwenyewe, unachukua kikapu, unazunguka kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea, ukimaliza unapita kwa dada wa kaunta anayeitwa Gloria, mama wa watoto wawili, naye anapitisha kila kitu kwenye mashine inayolia kama kifaranga. Sabuni ipo, chumvi ipo, mchele umefungwa, maziwa yako kwenye pakiti za karatasi. Si kubwa. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa huku na huku.

Mwezi uliopita Fredrick akasema duka ni dogo, mtaa umekua, anataka kujenga kubwa kuliko yote Simiyu, lenye ngazi, na friji ya kuingia mtu mzima, na tanuri la mikate, na mahali pa kuweka magari. Vizuri. Lakini pa kujengea alitaka ule uwanja ulio mbele yake. Na uwanja ule ni wa mtaa, Nyamizi. Ndipo Kwandu na wanawake wenzake kama arobaini wanapotandaza matobolwa ya viazi vitamu, sansa ya majani makavu, dagaa na nyanya, na msimu ukifika mizani ya pamba inasimikwa pale pale. Fredrick akaahidi kuwajengea wanawake meza za saruji nyuma ya jengo, kando ya mtaro. Nyuma! Mteja gani anazunguka jengo zima, apite mtaroni, akanunue sansa fungu moja?

Mwenyekiti wetu wa sasa ni Dastan, huyu ni wa tano, anaonekana ana afya lakini tutaona. Akaitisha mkutano. Nakuambia walikuja watu ambao hata kwenye mazishi hawaonekani. Vijana wakasema wanataka supamaketi kubwa, wamechoka kuonekana washamba. Mwalimu mmoja wa kike akasema, na alisema kwa uchungu, kwamba kila akiishiwa nepi za mtoto anapanda bodaboda mpaka mjini kati na kurudi, kwa hiyo wanaolipinga duka wamsaidie kufua. Tukacheka, lakini alikuwa na neno. Kwandu naye akasimama, akasema mtu akishazoea kusukuma toroli hawezi tena kuinama kwenye fungu la nyanya. Mtu huko nyuma akapiga kelele kwamba nyanya zenyewe za Kwandu zimeinama zamani. Kwandu akamwambia mkeo ndiye anayezinunua, na anazinunua kwa mkopo. Watu hoi.

Ndipo nikasimama mimi. Nilisema dakika arobaini. Dastan anasema ilikuwa saa nzima lakini Dastan hana saa. Nilisema hivi: huyu Fredrick ni kijana mwema, duka lake dogo linatosha. Mtu anahitaji nini cha dukani? Chumvi, sabuni, kiberiti, wembe. Vilivyobaki vina shamba lake na vina mtu wake unayemjua kwa jina. Kisha nikatoa mfano wa maziwa. Nikasema maziwa ya pakiti hayana mama. Ukiuliza ni ya ng'ombe gani, mweusi au mwekundu, aliyekula majani ya wapi, hakuna anayejua, ni maji yaliyopakwa chokaa. Nikasema waulizeni wanaokunywa chai kwa Justina, maana Justina mwenye mgahawa pale kona anachukua maziwa kwangu miaka mingapi sijui, kwenye kibuyu changu, na hajawahi kupata malalamiko. Justina akainuka akasema ni kweli tupu, chai yake bila maziwa ya Mzee Athanasi ni maji ya kuoshea vikombe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijisikia wa miaka thelathini.

Fredrick akaomba nafasi. Ana adabu, huwezi kumtukana. Akaniita baba mkubwa. Akasema yeye mwenyewe amelelewa kwa kibuyu kule Sola, na ananiheshimu, lakini anavyoona kinachoonja ni ujana wangu ninaoukumbuka, siyo ulimi. Akasema tukifumbwa macho tukapewa vikombe viwili, hakuna mtu hapa Mwalushini atakayejua kipi ni cha zizini na kipi ni cha pakiti. Uwanja mzima ukaguna. Nikamwambia mtoto wa mfugaji anayekunywa maziwa ya karatasi, siku akirudi kwao ndama watamkimbia. Naye, kwa sababu watu walikuwa wanacheka na yeye ni kijana, damu ikamchemka, akasema sawa. Kama kibuyu cha mzee kitaishinda pakiti yake mbele ya watu hawa, uwanja hataugusa tena, atatafuta pa kujenga pengine, njia ya Ngulyati au kokote. Pakiti ikishinda, mimi nikae chini na ninyamaze mpaka bati la mwisho lipigwe. Kabla sijajibu wanawake walishanijibia. Dastan akaandika kwenye muhtasari wa mtaa, na muhtasari upo.

Nyamizi, Jumapili ile! Baada ya misa hakuna aliyekwenda nyumbani kula. Walitoka mpaka Ngulyati. Watu wakakaa juu ya ukuta, juu ya pikipiki, juu ya magunia. Nilivaa koti la harusi ya mwanangu Elia. Nilikuja na kibuyu kimefungwa kwa kitambaa cheupe, nimekifukiza kwa kaa kama mama alivyotufundisha, nikapita katikati ya watu taratibu kabisa, mtu akitaka anitazame vizuri. Fredrick akatoa pakiti zake dukani, zote bado zimefungwa. Justina akachemsha yote kwenye sufuria mbili mbele ya macho ya watu, akayamimina kwenye vikombe vya kijani na vyeupe, na kipi ni cha nani alijua yeye na Dastan tu. Waonjaji walikuwa kumi na wanne, waliogeuzwa mgongo wakati wa kumimina, humo yumo yule mwalimu wa nepi, na vijana wanne waliokuwa upande wa Fredrick kabisa. Gloria wa kaunta ndiye aliyebeba sinia, akashikwa na kikohozi mpaka Fredrick akamwambia weka chini hilo sinia ukanywe maji.

Wakaonja. Mmoja akarudia kuonja. Kisha wakaanza kunyoosha vidole, na kila kidole kilichokwenda kwenye kijani nilihisi kama mtu ananivisha shati jipya, maana nilimwona Justina anatabasamu. Kijani kumi na mbili, nyeupe mbili! Kumi na mbili! Mwalimu wa nepi akasema hiki cha kijani kina utamu wa nyumbani, kina moshi, kina majani, mtu anaweza kumwona ng'ombe mwenyewe. Dastan akasimama akatangaza kijani ni cha Mzee Athanasi.

Sikusikia kilichofuata, mayu. Wanawake walinibeba. Mimi huyu, na koti la harusi, juu juu, viatu vikaanguka. Ngoma ya bugobogobo ilichezwa pale kama watu wametoka kulima shamba la mtemi. Kwandu alipiga vigelegele kuliko wote mpaka sauti ikakatika. Fredrick akaja akainama mbele ya watu, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema ameshindwa na neno lake liko pale pale. Nilimwambia asihuzunike, nimewashinda wakubwa zaidi yake. Tangu siku hiyo mpaka jana sikulipa chai popote. Watoto wakipita nyumbani wananiita Mzee Kumi na Mbili.

Na ingeishia hapo ningekupigia simu tu, nisingechosha mkono.

Jumatatu yake Fredrick akaja nyumbani na Dastan. Akasema ameshindwa lakini yeye ni mfanyabiashara, na maziwa yaliyochaguliwa na watu kumi na wawili hayawezi kuachwa yaishie kwa Justina. Anataka kuyauza dukani mwake, hili hili dogo, kwenye chupa, na kwenye chupa iwekwe sura yangu. Sura yangu, Nyamizi! Niliiona. Niliiona chupa hata kabla haijatengenezwa, mimi na kofia yangu, imesimama kwenye shelfu, watu wa mjini wanainyooshea mkono. Akauliza naweza kutoa lita ngapi kwa siku. Mdomo wangu ukasema thelathini. Sijui ulizitoa wapi. Dastan akapiga mluzi. Fredrick akasema basi Alhamisi watakuja kuona ng'ombe, ni utaratibu tu, na mimi nikasema karibuni sana.

Mayu, ng'ombe hakuna.

Hapa ndipo mchana huu nilipoiweka kalamu chini nikatoka kwenda kuketi. Sasa nimerudi, nitaandika bila kusimama. Yule mbogoma, ng'ombe jike uliyenipa mwaka ule ukame uliponimalizia zizi, yule mwekundu wa ukoo wa ng'ombe wa mama, alikufa mwezi wa tisa mwaka jana. Ndiye alikuwa amebaki peke yake. Ndama wake alitangulia mwezi mmoja. Majani yalikuwa hakuna, nilinunua pumba, nilinunua mashudu ya pamba, Kwandu alimpikia uji kama mgonjwa. Siku ya nne ya uji akalala nyuma ya ua wa minyaa na hakuinuka. Kila uliponiuliza kwenye simu nikakuambia anakamuliwa vizuri. Siyo mara moja. Nimehesabu, ni mara saba.

Nilidanganya kwa urahisi kuliko unavyofikiri. Asubuhi ya pili yake Justina alikuja na chupa zake kama kawaida, akasimama pale mlangoni, akasema bhabha, leo nipe lita mbili. Na mimi, badala ya kusema nimefiwa, nikasema subiri nikamue. Nikatoka kwa upande wa pili wa minyaa, nikaenda kwa Fredrick, nikanunua pakiti, nikazimimina kwenye kibuyu, nikarudi nimekunja mikono ya shati kama mtu aliyetoka kukamua. Justina akaonja kwa kidole. Akasema leo ni mazuri kuliko ya siku zote. Nilikasirika, Nyamizi. Nilikaribia kumwambia ukweli kwa hasira tu, kwa sababu yale ya siku zote ndiyo yalikuwa ya mbogoma.

Basi nikaendelea. Na unajua kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi, na haingiwi zizini bila kukaribishwa, na minyaa yangu ni mirefu, kwa hiyo heshima yenyewe ikanifichia. Dastan tu aliwahi kuuliza kwa utani mbona ng'ombe wangu halii, nikamwambia anayeshiba halii. Nilikuwa nanunua ghali na kuuza rahisi, kwa hela ile Elia anayonitumia ya dawa ya presha, na presha nikawa naitibu kwa kutoitazama. Gloria nilimwambia pakiti ni za paka. Baada ya wiki mbili akaniambia babu, huyo paka wako anakunywa kama ndama. Wa pili kujua alikuwa yeye. Wa kwanza ni Kwandu, yeye alijua tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza aliniambia niseme, na siku ya pili, na ya tatu, kisha akaacha kwa sababu mimi ni mumewe na ananijua. Yalipokuja mambo ya uwanja naye akafunga mdomo kwa ajili ya uwanja.

Kwa hiyo Jumapili ile vikombe vya kijani na vyeupe vilikuwa maziwa ya shelfu moja. Niliyanunua Jumamosi mwenyewe, na Gloria ndiye aliyeyapitisha kwenye mashine. Kilichoshinda ni kibuyu na kaa la moto.

Jana ndiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimepanga kusema ng'ombe wamepelekwa malishoni Ngulyati. Wakaja watatu, Fredrick, Dastan na Justina, ambaye alisema na yeye anataka kumshukuru huyo ng'ombe. Nikawaambia ng'ombe wametoka mapema. Fredrick akasema hakuna neno, tuone zizi tu. Nikafungua. Nilikuwa sijaingia mle tangu mwaka jana, na unajua mvua ya mwaka huu. Majani, Nyamizi. Majani yamesimama mpaka gotini, katikati ya zizi, na maua ya njano juu yake.

Dastan ni mtu wa mjini, alitazama akaona zizi. Justina alitazama akaona zizi. Lakini Fredrick ni mtoto wa mfugaji. Alisimama pale mlangoni, akayatazama yale majani, kisha akanitazama mimi, na nikajua amejua. Zizi lenye ng'ombe halioti hata unywele. Nikangoja aseme. Uwanja ulikuwa mkononi mwake pale pale, angesema neno moja tu.

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni zizi zuri na ng'ombe bila shaka wamekwenda mbali leo, na kwamba mambo ya chupa baba mkubwa asijisumbue nayo, amefikiria upya, duka lenyewe halina nafasi. Akaaga. Akamshika Dastan bega ili watoke.

Alikuwa ananifunika. Mtu niliyemshinda, wa umri wa mwanangu, ananifunika kama mtu anavyomfunika mzee aliyelala vibaya. Walikuwa wameshafika barabarani. Mayu, nimenyang'anywa vingi katika maisha haya na nimenyamaza, lakini kuhurumiwa na mtoto wa Sola sikuweza. Nikawaita. Niliwaita kwa sauti ambayo hata majirani walitoka. Nikawaambia rudini, ng'ombe hawajaenda mbali, ng'ombe amekufa mwezi wa tisa, na maziwa mliyokunywa wote ni ya dukani kwa Fredrick, na aliyewadanganya ni mimi Athanasi na sikusaidiwa na mtu.

Ndani nikasikia sufuria ya Kwandu imeanguka.

Justina alishika kichwa kwa mikono miwili akasema miezi sita, bhabha, miezi sita nimekuwa nasifia karatasi! Ameapa hatanisalimia mpaka Pasaka. Dastan alicheka kwanza, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe, kisha akakumbuka yeye ni mwenyekiti, akasema mashindano yamevunjika, lazima arudi kwa watu, mkutano ni Jumapili hii. Fredrick hakucheka. Aliuliza tu ng'ombe alikufa na nini. Nikamwambia. Akasema pole baba, akavua kofia, na ndiye mtu wa kwanza kunipa pole ya ng'ombe yule, maana nje ya nyumba yangu hakuna aliyeambiwa.

Kuhusu uwanja alisema muhtasari unasema kibuyu kiishinde pakiti, na kibuyu kimeishinda, lakini hataki kushindwa wala kushinda kwa namna hii, watu waamue upya. Kwa hiyo Jumapili Kwandu na wenzake arobaini wanaweza kuhamishiwa mtaroni, na ikiwa hivyo ni kwa mdomo wangu. Hilo ndilo analoninunia wifi yako. Neno pekee aliloniambia tangu jana ni kwamba ningekuwa na kiburi kidogo ningesema mwezi wa tisa, au ningekuwa na kiburi kikubwa zaidi ningenyamaza jana, ila nina kiburi cha kati na hicho ndicho kibaya.

Jumapili nitasimama mimi mwenyewe, sitangoja kuitwa. Nitasema nilidanganya. Nikishasema hivyo, sitakaa chini, nitasema bado sitaki supamaketi kubwa. Wacha wanizomee. Nitawaambia hivi: duka lile dogo limetosha kuwaficha ng'ombe wangu wote kwa miezi sita na ninyi mkanywa mkashiba mkasifu, sasa hilo kubwa ni la kuficha nini? Na mwalimu wa nepi nitamjibu, nimeshamfikiria, Fredrick aondoe zile shelfu mbili za biskuti aweke nepi, nafasi ipo, mimi nalijua duka lile kuliko mwenyewe kwa sababu nimelizunguka kila asubuhi. Na nitaomba wanipe mimi adhabu, wasiwape wanawake. Kama nitashinda sijui. Nilivyo na hasira, nadhani nitashinda.

Lakini kabla ya watu wa Mwalushini kusikia, ilipasa usikie wewe. Ng'ombe alikuwa wa mama, akawa wako, ukanipa mimi nikiwa sina hata wa kumfunga kamba. Usingestahili kuambiwa na abiria wa basi kwamba kaka yako alimfanya marehemu akamuliwe miezi sita. Usinitumie mwingine. Nakujua, ukimaliza kusoma utatazama zizini kwako. Nakukataza. Ukiwa na la kunitumia, nitumie neno kama umekasirika au hapana, na kama umekasirika njoo ukasirike hapa, mchele upo na Kwandu atapata wa kuongea naye.

Wasalimie wote nyumbani kwako kila mmoja kwa jina lake, na majirani walionijua kabla sijawa na mvi. Goti ulikande kwa maji ya moto. Elia usimwambie habari ya dawa, nitamwambia mwenyewe, au sitamwambia.

Na kwa sababu sasa nimekuwa mtu wa kuulizwa ushahidi, nakupa mashahidi. Pakiti, muulize Gloria wa kaunta, hajawahi kukosea hata moja. Kumi na mbili kwa mbili, muulize Dastan, iko kwenye muhtasari. Majani ya zizini, muulize Fredrick, yeye anajua alichokiona. Na kwamba mbogoma wako hakufa peke yake, muulize Kwandu, ndiye aliyempakata kichwa mpaka mwisho. Mimi nilikuwa upande wa pili wa minyaa, nimeziba masikio.

Ni mimi kaka yako,
Athanasi Mashimba.